Sura ya Sita: Anayeamini Kwamba Maji Yana Uhai, Hunywa Nini?

Katika maswali yote ambayo watu huuliza wanaposikia habari za dini ya Wajaini, hakuna linalorudiwa mara nyingi kuliko hili: ikiwa Mjaini huamini kwamba maji yenyewe yana uhai, na ikiwa ameamrishwa na dini yake asimdhuru kiumbe yeyote aliye hai, basi hunywa nini? Wako waulizao kwa dhihaka, wakidhani wamekwisha iangusha dini nzima kwa bilauri moja ya maji. Na wako waulizao kwa nia njema, kwa sababu wao wenyewe wamepata kuona uchungu kwa ajili ya mdudu waliyemkanyaga pasipo kukusudia. Wote wanastahili kujibiwa, na jibu lenyewe si la neno moja, maana linagusa namna Wajaini wanavyoufahamu uhai, dhambi, na wajibu wa mtu katika mambo madogo ya nyumbani mwake.

Ujaini ni dini kongwe ya Bara Hindi. Mwalimu wake mkuu wa mwisho, Mahavira, alihubiri zaidi ya miaka 2,500 iliyopita katika nchi ambayo leo ni jimbo la Bihar, na wafuasi wake humhesabu kuwa wa 24 katika mfuatano wa waalimu walioushinda mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Hesabu ya watu iliyofanywa India mwaka 2011 ilikuta Wajaini takriban milioni 4.5, idadi ndogo katika nchi kubwa kama ile. Kwetu Afrika Mashariki hawakuwa wageni kabisa, kwani jamaa za Oshwal, ambao asili yao ni vijiji vya jirani na Jamnagar katika Gujarat, walivuka bahari wakaja kufanya biashara, na mahekalu yao yapo Mombasa na Nairobi hata leo.

Neno linaloibeba dini yao ni ahimsa, yaani kujizuia kumdhuru kiumbe kwa tendo, kwa ulimi au kwa nia. Dini nyingi huusia rehema kwa wanyama; Wajaini wameupeleka wasia huo mbali zaidi kuliko watu wengine, mpaka ukafika kwenye mtungi.

Daraja za viumbe

Kila kilicho hai, kwa itikadi ya Wajaini, kina jiva, ndiyo nafsi yenye kuhisi. Nafsi hizo kwa asili yake ni sawa, iwe ya mfalme au ya chawa. Zinazotofautiana ni miili na idadi ya hisia ambazo kila mwili umejaliwa. Kwa hiyo waalimu wao waliwapanga viumbe kwa daraja:

- Wenye hisia moja, ya kugusa tu: viumbe wa udongo, wa maji, wa moto, wa hewa, na mimea yote.
- Wenye hisia mbili, kugusa na kuonja: minyoo, ruba, na wanyama waishio ndani ya kombe.
- Wenye hisia tatu, pamoja na kunusa: chungu, mchwa, chawa.
- Wenye hisia nne, pamoja na kuona: nzi, nyuki, nge.
- Wenye hisia tano, pamoja na kusikia: samaki, ndege, wanyama wakubwa, binadamu, na hata wakazi wa peponi na wa motoni.

Kadiri kiumbe alivyo na hisia nyingi, ndivyo dhambi ya kumdhuru inavyokuwa nzito. Ndiyo sababu Mjaini hali nyama wala samaki, lakini hula nafaka na matunda, ijapokuwa anakiri kwamba mmea nao una uhai. Hadai kwamba mlo wake hauna dhara. Adaiyo ni kwamba amechagua dhara lililo dogo, na kwamba hata hilo dogo halikosi hesabu.

Maji yenyewe, na waishio majini

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea njia, kwa hiyo tuende polepole. Mtu akiambiwa kwamba Wajaini huamini kuna viumbe hai majini, mara moja hufikiri viluwiluwi, mabuu ya mbu na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hao wapo, na Mjaini huwahesabu. Lakini hao ni wapangaji tu, kwa kuwa wana miili yao wenyewe na wamefanya maji kuwa makazi. Mbali na hao wako viumbe wengine ambao mwili wao ni maji hayo hayo. Tone la mvua, umande wa alfajiri, ukungu, barafu na mvua ya mawe, vyote ni miili ya viumbe wenye hisia moja, wadogo mno, wasiohesabika, waliokusanyika pamoja hata jicho likaona tone. Maandiko yao yamefika hadi kuutaja umri wa viumbe hao, kwamba mmoja aweza kufa katika muda usiotimia saa moja, na aliyejaliwa maisha marefu kabisa aweza kuishi miaka 7,000.

Katika miaka ya 1670 muuza vitambaa mmoja wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, alitazama maji ya ziwa kwa vioo alivyovisugua mwenyewe, akastaajabu kuona viumbe wadogo wakiogelea humo. Habari hiyo, ilipoenea, iliwafurahisha Wajaini wengi, nao wakaiona kuwa ushahidi wa yale waliyofundishwa tangu kale. Na baadhi ya vijitabu vyao hupenda kutaja viumbe 36,450 katika tone moja, hesabu inayonasibishwa kwa nahodha wa Kiingereza aitwaye Scoresby. Lakini mwanachuoni wa Kijaini aliye makini atakuambia kwamba hesabu hiyo, hata ikiwa sahihi, haithibitishi itikadi yake, kwa sababu darubini iliona wapangaji, na itikadi inasema juu ya nyumba. Kwamba maji yenyewe ni miili ya viumbe ni jambo la imani, na mwenye imani hiyo haingojei darubini.

Kwa ufupi: kuna waishio ndani ya maji, ambao kitambaa chaweza kuwazuia, na kuna ambao wao ndio maji, ambao hakuna kitambaa kiwezacho kuwatenga. Amali zote za Wajaini kuhusu maji zimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Kitambaa mdomoni mwa mtungi

Msomaji wa pwani aliyesomeshwa chuoni hukumu za maji ya udhu, akajua lipi huyatengua na lipi haliyatengui, hatashangaa kusikia kwamba Wajaini nao wana fikihi ya maji. Tofauti ni kwamba sisi huuliza kama maji yanafaa kumtwahirisha mtu, na wao huuliza kama mtu anafaa kuyagusa maji.

Sheria ya kwanza ni kuchuja. Mama wa Kijaini katika kijiji cha Gujarat au Rajasthan, arudipo kisimani, hutandika mdomoni mwa mtungi kitambaa cha pamba, kizito, kilichokunjwa mara mbili, kipana kiasi cha kuning'inia pande zote ili maji yasipite pembeni, kisha huyamimina polepole. Mtazamaji asiyejua atasema mama huyu anajikinga na uchafu, kama wafanyavyo wengine. Lakini linalofuata ndilo linaloonyesha makusudi yake. Hakikung'uti kitambaa kile ukutani, wala hakianiki juani hivi hivi. Hukigeuza, akamimina juu yake maji yaliyokwisha chujwa, ili kila kilichonaswa kioshwe taratibu kiingie katika chombo kingine. Na maji hayo ya kuoshea, ambayo huitwa jivani, hurudishwa kisimani yalikotoka.

Na kurudisha nako kuna adabu yake. Kuyamwaga kutoka juu ni kuwatupa viumbe wale wakaumie katika kuanguka; kwa hiyo wenye kushika sana sheria hutumia ndoo yenye pete chini ya kitako, huiteremsha kwa kamba mpaka iguse maji, ndipo huivuta kamba, ndoo ikapinduka pale pale juu ya uso wa maji. Wala haifai jivani ya kisima hiki kumwagwa katika kisima kingine, sembuse ya maji matamu katika maji ya chumvi, maana waalimu wao hufundisha kwamba maji ya aina moja ni silaha juu ya maji ya aina nyingine, na aliyezoea huku aweza kufa kule.

Kuchuja mara moja asubuhi hakutoshi kwa siku nzima. Wahindi wa kale waliugawa usiku na mchana sehemu 30, kila sehemu ikaitwa muhurta, ambayo kwa saa zetu ni dakika 48. Na kwa hesabu ya Wadigambara, mojawapo ya madhehebu mawili makubwa ya Wajaini, muda huo ukipita, viumbe wapya huwa wamezaliwa katika maji yaliyochujwa, na sharti yachujwe tena. Mjini, ambako kisima kimegeuka bomba, wengi hufunga kifuko cha kitambaa mdomoni mwa bomba. Hapo kuchuja kumekuwa rahisi, lakini kurudisha jivani kumekuwa taabu, kwani nani atakayelipanda bomba mpaka kwenye chemchemi yake?

Fumbo la maji yaliyochemshwa

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo mpinzani hulingojea kwa hamu. Watawa wa Kijaini hawanywi maji mabichi, hunywa yaliyochemshwa. Waumini wa nyumbani nao, wanapofunga saumu, aghalabu hunywa maji ya namna hiyo tu, tena kabla jua halijatua. Je, kuchemsha si kuwaua viumbe wa maji wote kwa mara moja? Na anayeua wote ana fadhila gani juu ya anayeua wachache?

Wajaini hawakanushi kwamba kuchemsha kunaua. Hoja zao ni tatu. Kwanza, katika maji mabichi kuzaliwa na kufa hakukomi, kwa hiyo kila funda ni mauaji mapya. Ayachemshaye huua mara moja, lakini huukata mfululizo huo kwa muda, na anywaye humo kutwa haongezi kitu. Pili, kuchemsha humlazimisha mtu kupima, maana hakuna achemshaye pipa kwa haja ya bilauri. Tatu, mtawa mwenyewe hachemshi wala haamrishi achemshiwe. Hupita kwenye nyumba za waumini akapokea sehemu ya maji waliyojichemshia wenyewe.

Muda nao umewekwa. Yasemwa kwamba maji sharti yapande kwa mchemko mara tatu, kisha humiminwa katika sinia pana za shaba yapoe. Baada ya hapo madhehebu mawili makubwa hutofautiana:

- Washvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, huhesabu kwa majira: takriban saa 9 wakati wa mvua, saa 12 wakati wa baridi, na saa 15 wakati wa joto.
- Wadigambara, ambao watawa wao wa kiume wameacha hata nguo, huyahesabu maji yaliyochemshwa barabara kuwa salama kwa saa 24.

Ukipita muda huo, maji hurudia kuwa hai. Mvua imepewa muda mfupi kwa sababu ndiyo majira ambayo uhai huchipuka kila mahali, na maji hukaa kidogo tu kabla ya kuingiwa.

Je, hoja ya tatu haimtwishi mwenye nyumba mzigo wa mtawa? Humtwisha kwa kiasi, na Wajaini hawalifichi hilo. Dini yao haikudhani kwamba watu wote wamesimama daraja moja.

Wajibu wa mtawa na wajibu wa mwenye nyumba

Mtawa amekula kiapo cha kutomdhuru kiumbe yeyote, hata mwenye hisia moja. Kwa hiyo haogi. Haogelei, hafui katika mto, hatoki kwenda kuomba chakula mvua inaponyesha. Mwanamke amkaribishaye mtawa mlangoni, akaja na chapati mkononi, huku mkono ule ungali unachuruzika maji ya bombani, atamwona mgeni wake akiondoka bila kupokea, pasipo hasira, kwa kuwa viumbe walio juu ya mkono ule wameumia kwa ajili yake. Na katika miezi minne ya masika ya kule, ambapo ardhi yote imelowa na kila nyayo hukanyaga uhai, watawa waliozoea kutembea kwa miguu mji hata mji hukaa mahali pamoja mpaka mvua ipite.

Mwenye nyumba hawezi hayo. Ana watoto wa kuoga, ana nguo za kufua, ana wateja wanaomngoja dukani. Kwa ajili yake waalimu waliligawa dhara mafungu manne:

1. Dhara la makusudi, kama kuwinda au kuua kwa chuki au kwa starehe.
2. Dhara la nyumbani, kama kupika, kufagia na kuoga.
3. Dhara la kazi, kama lile limpatalo mkulima au mganga katika kutafuta riziki.
4. Dhara la kujilinda, mtu anapozuia nafsi yake au watu wake wasidhulumiwe.

La kwanza ni haramu kwake kabisa. Matatu yaliyobaki husamehewa kwa kadiri ya dharura, lakini hapewi ruhusa ya kuyasahau; hupaswa kuyapunguza mwaka hata mwaka, ili siku moja, katika maisha haya au katika mengine, awe tayari kuyaacha.

Ufunguo wa sheria hizi zote ni neno la waalimu wao kwamba dhambi haimo katika mauti ya kiumbe peke yake, bali zaidi katika kughafilika na tamaa ya nafsi iliyoyasababisha. Karma, ambayo kwa Wajaini ni chembechembe nyembamba zinazoishika nafsi na kuilemea, hushika sana palipo na hasira, kiburi, hila au uroho, na hushika kidogo palipo na hadhari. Watu wawili waweza kunywa kiasi kimoja cha maji, mmoja akapata dhambi nzito kuliko mwenziwe, kwa sababu mmoja alichuja, akapima, akanywa kwa kiu, na mwingine alizamisha kata, akanywa nusu, akamwaga nusu.

Kwa ufupi: mtawa hukimbia dhara, mwenye nyumba hulipunguza, na wote wawili huhesabiwa kwa uangalifu wao.

Maji yanayomwagwa bure

Katika viapo vya mwenye nyumba kimo kimoja ambacho msomaji wa leo, wa dini yoyote, aweza kukifahamu bila mwalimu: kuepukana na dhara lisilo na faida kwa mtu yeyote. Kuchimba ardhi kwa mchezo, kuchuma majani njiani bila haja, kuacha maji yakimwagika, ni dhara la namna hii. Kunywa kuna dharura, kumwaga hakuna. Wazee wa Kijaini huwausia wajukuu wao watumie maji kama watumiavyo samli, na aliyewahi kununua samli anaelewa wasia huo una maana gani.

Wacha Mungu miongoni mwao huwa na desturi ya kujiwekea kila asubuhi mipaka ya siku: vyakula vya aina ngapi, nguo ngapi, mwendo wa umbali gani, kuoga mara ngapi. Jioni hutazama kama mipaka hiyo imeheshimiwa. Biashara nazo zina mipaka. Orodha ya kale ya kazi 15 zisizomfaa Mjaini inataja kuchoma makaa, kuuza sumu, kuuza pembe za ndovu, na pamoja na hizo inataja kazi ya kukausha maziwa na mabwawa. Aliyeiandika orodha hiyo aliona kwamba yuko mtu awezaye kuchuja maji yake kwa kitambaa safi nyumbani, kisha akaenda kazini akaliua bwawa zima.

Toba ya kila siku

Kwa kuwa hakuna aishiye bila kudhuru, dini hii imeweka toba mahali pa kila siku. Mjaini mwenye kushika ibada husoma maneno ya kukiri kwamba katika kwenda na kurudi huenda amekanyaga mbegu, umande, chungu, ukungu wa kijani wa majini, na viumbe wa hisia moja hadi tano, akaomba kosa hilo lifutike. Kila mwaka, katika siku ya mwisho ya Paryushan, ambayo ni siku zao tukufu za saumu na tafakuri, huwaendea jamaa, majirani na washirika wa biashara wakaambiana "michami dukadam", yaani uovu wangu na uwe si kitu. Msamaha huo huombwa kwa viumbe wote, hata wasio na masikio ya kuusikia.

Taabu hii yafaa nini?

Mtu wa vitendo atauliza faida. Moja yaonekana kwa macho. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Bangladesh, wakatangaza matokeo yao mwaka 2003, waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua takriban nusu, kwa kuwa vimelea vya maradhi hayo hupenda kujishikiza juu ya wanyama wadogo wa majini ambao kitambaa huwanasa. Mama wa Kijaini na mama wa Bangladesh wanafanya tendo moja kwa nia mbili zinazopishana: huyu humkinga mnywaji na wadudu, yule huwakinga wadudu na mnywaji.

Lakini hoja ya afya si hoja ya Wajaini, na kuitegemea ni kuwapunguzia haki yao. Faida waitakayo wao ni tabia. Mtu aliyezoezwa tangu utotoni kutandika kitambaa, kungoja, kukisuuza na kurudisha jivani, hawezi kuyaona maji kuwa kitu kisicho na mwenyewe; na aliyezoea kuwahurumia wasioonekana, hana udhuru wa kuwatendea ukatili wanaoonekana.

Mtihani wa tabia hiyo siku hizi umekuwa mkubwa kuliko kitambaa. Mwaka 1990 wajumbe wa Kijaini walimkabidhi Mwanamfalme Philip wa Uingereza, huko London, tamko juu ya maumbile lililoandikwa na mwanasheria L. M. Singhvi, wakidai kwamba mafundisho yao ya kale yanawahusu watu wote na dunia yote. Dai hilo ni zito. Wajaini wengi ni wafanyabiashara, na baadhi yao wana viwanda. Na kiwanda kimoja kikimwaga maji ya rangi mtoni kwa siku moja kitaharibu zaidi ya yote ambayo kaya moja ingeweza kuyaokoa kwa kuchuja maisha yake yote. Sheria ya bwawa katika ile orodha ya kazi 15 imekwisha kutoa hukumu juu ya jambo hilo. Kilichobaki ni kwa mwenye kiwanda kuamua kama ahimsa yake inakoma jikoni au inafika mtoni.

Muhtasari wa sura

- Wajaini huamini kwamba wapo viumbe waishio majini, na wapo viumbe ambao mwili wao ni maji.
- Kuchuja huwaokoa wale wa kwanza. Kuchemsha, kupima na kujinyima hupunguza dhara kwa wale wa pili, wala hakuliondoi.
- Mtawa na mwenye nyumba hawana wajibu sawa, lakini wote hudaiwa hadhari na toba.
- Dhara lisilo na faida ndilo la kwanza kuachwa, dogo na kubwa.

Sura ifuatayo itatoka mtungini iende shambani, ieleze kwa nini Mjaini anayekula ndizi bila wasiwasi hukataa kitunguu na viazi.